Kompyuta Iliyovishwa Kitambaa

Kazi yangu mjini Koboko ilikuwa kupiga chapa barua za ofisi, na niliijua, sina haja ya kujifanya mnyenyekevu hapa. Kwenye taipureta vidole vyangu vilikwenda vyenyewe, macho kwenye karatasi, mdomo ukipiga soga na bwana wa meza ya pili. Kisha akaja bosi mpya, akaleta kompyuta, taipureta ikapelekwa stoo. Akatuambia wapiga chapa wote tutaitwa mji wa Arua kufanya mtihani, na atakayeshindwa atatafuta kazi nyingine. Kazi gani nyingine? Jembe la kijijini kwetu Abuku nililishika tangu utoto na sikuwa na hamu ya kulirudia. Hii niliipenda.

Kilichoniudhi ni kwamba herufi zilikuwa zilezile, kila moja imekaa pale ilipokaa kwenye taipureta. Lakini mbele ya kompyuta mikono ilikufa ganzi. Nilidonoa kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba mguuni. Barua niliyozoea kuimaliza kabla chai haijapoa, sasa ilinila asubuhi nzima.

Mimi ni mtoto wa askari. Baba alitulea kwa amri moja: kitu cha serikali hakiguswi mpaka uambiwe gusa, na kikiharibika mkononi mwako, utajuana naye. Sasa hii kompyuta ilikuwa ya serikali toka juu mpaka chini, basi niliitunza kuliko nilivyowahi kutunza sahani za harusi yangu. Kwetu redio na televisheni hazikai uchi, zinavishwa kitambaa cha kufuma kwa mkono. Nami nikaifumia kompyuta kitambaa chake, cheupe chenye maua ya njano. Nililifunika sanduku lake lote na mgongo wa kioo, uso tu ukabaki wazi, hata nikiwa kazini, maana vumbi la barabara ya kwetu halina adabu. Bwana wa meza ya pili, akitaka kuitumia, alikivua kwanza na kukitupa kitini. Nilimwona mchafu.

Na hiyo kompyuta haikuwa na shukrani. Nilikuwa nakaa nayo saa moja hivi, mara kioo kinakuwa cheusi na kazi yote imepotea. Kwa bwana yule haikuzima hata mara moja.

"Mama, hii kitu haikupendi," alinitania.

Nilicheka naye, lakini iliniuma. Niliamini kosa ni mkono wangu, kwamba kuna mahali nagusa vibaya, na kadiri nilivyoamini ndivyo nilivyozidi kugusa kwa woga na kwenda polepole. Jioni nilirudi nyumbani na kichwa kizito, sitaki kusemeshwa na mtu.

Wiki ya mtihani nilitangulia Arua kwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye ana kibanda cha fotokopi karibu na soko. Nilitaka kufanya mazoezi kwake. Mtu haendi kwa ndugu mikono mitupu, kwa hiyo nilimpelekea kitambaa, na asubuhi alipokuwa akihudumia wateja nikamvisha kompyuta yake, nikakaa, nikaanza kudonoa. Haikupita muda mrefu, kioo kikawa cheusi. Nikashika kichwa. Sasa nimeua mashine ya mtoto wa watu, kitega uchumi chake.

Mdogo wangu akaja, akaligusa sanduku, akarudisha mkono haraka.

"Dada, umefunika hii tangu saa ngapi?"

"Tangu nimekaa."

"Na ile ya Koboko?"

"Ile inalala nacho na kuamka nacho."

Akacheka mpaka akashika mlango. Wateja wakageuka kutazama, nami sikujua niuweke wapi uso.

"Dada yangu, hii kitu inapumua. Iko na matundu nyuma, joto inatoka hapo. Ukifunika inachemka, inajizima yenyewe isiungue. Si wewe."

Kwanza nilikasirika. Miezi yote ile nimejilaumu, na bwana wa meza ya pili anakivua kitambaa kila siku bila kunifungulia mdomo! Kisha hasira ikaniishia, nikashusha pumzi, nikajisikia mwepesi. Mkono wangu haukuwa na kosa. Mdogo wangu akakivua kitambaa, akaiacha ipoe, akaiwasha tena, nikapiga chapa bila kuitazama kibodi. Nilipokosea nikafuta, na hakuna karatasi iliyoharibika. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

Siku ya mtihani woga ulirudi, nisidanganye. Tulipewa ukurasa mzima tuunakili, na mstari wa kwanza kile kidole kimoja kikajitokeza tena. Nikajiambia, wewe mama, umepiga chapa barua za ofisi nzima, unaogopa nini? Nikapiga moyo konde, nikaweka vidole vyote kumi mahali pake na kuvipa ruhusa. Vilikwenda. Na kwa kuwa vimezoea taipureta, vilipiga kwa nguvu, ukumbi wote ukasikia, mpaka msimamizi akaja kusimama nyuma yangu.

"Mama, pole pole. Utavunja mashine."

"Nimeshamaliza," nikamwambia. "Soma."

Akainama, akausoma ukurasa kwa kidole mstari kwa mstari, naye hakuwa na haraka hata chembe. Wenzangu wengi walikuwa bado katikati.

"Jumatatu rudi ofisini kwako," akasema.

"Kwenye kazi yangu?"

"Kwani iko ya nani? Kazi yako."

Nilitaka kumwambia asante, machozi yakanitangulia. Nikabaki pale kitini nikilia mbele ya watu wote, na sikuona haya.