Bei ya Kumtoa Mama

Mama alipopasuliwa mawe ya nyongo, miaka ya tisini, aliyekwenda kuzungumza bei ni khaloo, dada yake mama, maana kwetu Kibokoni hakukuwa na mtu aliyejua kununua kama yeye. Alikuwa muuza leso. Akishika kitambaa kwa vidole viwili tu, wenye maduka ya jumla walianza kujitetea kabla hajasema neno.

Mimi nilimfuata kwa udadisi. Nilikuwa nimeanza kufundisha skuli, na nilidhani kila kitu kilichopigwa chapa kina maelezo yake. Bili ilipigwa chapa vizuri sana. Kitanda nilikielewa, na chumba cha upasuaji pia. Lakini palikuwa na "huduma", na chini yake "huduma nyingine", kisha chakula, hali mama hakuonja hata kijiko cha uji wao. Chakula chake kilitoka nyumbani kila siku, na mabakuli yetu yalizunguka wodi nzima.

Kilichonishangaza zaidi ni bili ya jirani yake wa kitanda, mama mmoja wa Kirabai aliyefanya kazi hotelini. Alipasuliwa ugonjwa ule ule, na daktari yule yule, na yake ilikuwa karibu mara mbili ya yetu.

"Yangu yalipwa na kampuni," alituambia, bila wasiwasi wowote.

Khaloo aliposikia hayo, macho yalimng'aa. Bei inayobadilika kwa kumtazama mnunuzi aliijua vizuri. Ilikuwa ndiyo kazi yake.

Dirishani kwa keshia alianza na salamu ndefu, akauliza hali ya nyumbani, ndipo akaisukuma ile bili mbele kama leso yenye doa.

"Mwanangu, hii ni bei ya kuanzia. Sasa n'ambie bei yenyewe."

Keshia, kijana mpole wa watu, alisema bei ndiyo hiyo. Khaloo akacheka. Kijana akaingia ndani kwa mkubwa wake, akarudi na bei ndogo zaidi. Mimi nilifurahi. Tungeweza kulipa pale pale, na mama alikuwa amekwisha kuvaa buibui lake, anatusubiri ghorofani. Hospitali ile haikumruhusu mgonjwa kutoka mpaka alipiwe.

Aliyekasirika ni khaloo.

"Imeteremka upesi mno," aliniambia kando. "Basi hata hii siyo. Twende zetu."

Nilimwelewa. Dukani, mnunuzi akigeuza mgongo, muuzaji humwita kabla hajafika mlangoni, na hapo ndipo bei ya kweli hutajwa. Na mimi, kusema kweli, nilitamani kuisikia. Nilitaka kujua chini kabisa ya zile huduma pana nini. Tukatoka polepole, khaloo akitengeneza mtandio wake kwa maringo, tukapita chumba cha dawa, tukavuka ua. Hakuna aliyetuita. Langoni khaloo akasimama, akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Nikainua macho. Mama alikuwa dirishani ghorofa ya juu, kajifunga buibui, kikapu mkononi, anatutazama tukienda zetu.

"Khaloo," nikasema, "mbona mama tumemwacha ndani?"

Aligeuka akamwona. Sijawahi kumwona khaloo akirudi dukani bila kuitwa, na siku ile alirudi nusura akimbie. Alilipa ile bei ya pili, wala hakuhesabu chenji. Huduma nyingine ni huduma gani, sijajua hata leo.

Tulimteremsha mama ngazi kwa ngazi. Alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua kuwa bado anazo.

"Niliwaona mwatoka," alisema. "Nikasema basi, bei yangu imewashinda."

Nilisikia aibu. Khaloo alimpokea kikapu, akakibeba mpaka nyumbani, wala hakutaka nimsaidie.