Maombi ya Rispa na Ufunguo wa Choo

Kiwanda alichofanyia kazi Rispa, kule Kariobangi, kilishona sare za wauguzi na kiliheshimu haki za binadamu. Tunajua kiliziheshimu kwa sababu iliandikwa ukutani kwa herufi kubwa za buluu, kando ya mlango wa choo. Choo chenyewe kilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa meneja Ngigi. Aliutoa wakati wa chai na wakati wa chakula, basi. Aliyebanwa katikati alisoma ukuta.

Siku moja Kamene, mjamzito wa miezi saba, aliomba ufunguo, akaambiwa angoje chai. Hakuifikia. Alilowa pale pale kwenye cherehani, mbele ya wenzake. Rispa, jirani yake, alimfunga leso kiunoni, na hasira ya siku ile haikumtoka tena.

Kisha ikasikika kwamba wanunuzi wanatuma mkaguzi. Ngigi alipita katikati ya cherehani akitoa onyo.

"Mkiulizwa, kila kitu iko sawa. Mwenye ataleta mdomo atapata geti imefungwa."

Rispa alikuwa na watoto watatu nyumbani, mtaa wa Mowlem, na mume aliyeachishwa kazi. Alifunga mdomo.

"Mama Winny," Ngigi akamwambia Rispa, "wewe ni mtu wa kanisa. Utatufungulia na maombi. Wageni wanapenda hiyo."

Maskini Ngigi. Kanisani alikwenda kwa harusi tu, kwa hiyo hakujua kwamba akina mama wa kanisa la Rispa, wakiwa na neno wasiloweza kumwambia mkubwa, humwambia Mungu, kwa sauti, mkubwa mwenyewe akiwa amesimama hapo. Na maombi hayakatizwi.

Siku yenyewe Ngigi aliweka sabuni mpya na taulo jeupe chooni, kisha akafunga tena, wafanyakazi wasije wakavitumia kabla ya mgeni kuviona. Mkaguzi, Bi Fowsiya, akakaribishwa. Watu wakainamisha vichwa.

"Baba," Rispa akaanza, "asante kwa kazi. Tunamwombea meneja wetu, mwenye anabeba ufunguo wa choo kwa mfuko siku nzima. Mpunguzie huo mzigo, Baba. Mkumbuke Kamene, mwenye alijikojolea kwa mashine akingoja chai. Mfute aibu, kwa sababu haikuwa yake. Na sisi wenye tumeambiwa tusiseme kitu, hatujasema, Baba. Tumeomba tu."

"Amina," wakaitikia wote kwa nguvu. Ngigi naye aliitikia, angefanyaje?

Fowsiya, Mwislamu, alikuwa amesimama kwa heshima zake, macho wazi. Alikuwa ameuona mkono wa meneja ukiushika mfuko. Akanyoosha wake.

"Naomba ufunguo, meneja."

Alipoupata, Fowsiya aliuliza Kamene ni yupi, akamkabidhi, naye Kamene akafika mlangoni kabla ya wote na kuwa wa kwanza kulichafua lile taulo.

Kufuli liling'olewa jioni ile. Siku hizi wageni wakija, meneja huomba mwenyewe, kwa ufupi sana, na Rispa huitikia amina akiwa chooni.