Mkwe Aliyekataa Maji

Mimi ndiye niliyekaribia kumuua Kipkirui. Sikumpa sumu wala sikumpiga. Nilimpa ushauri, tena kwa madaha, kama dada mkubwa wa mke wake anayezijua desturi za kwao kuliko wengine wote.

Naitwa Roselyne, nauza viatu vya mitumba soko la Kimilili. Mdogo wangu Nasike ameolewa Kitale, mtaa wa Kibomet, na huyu Kipkirui, fundi wa cherehani asiye wa kabila letu. Anafanyia kazi chumba cha nyuma katika duka la vitambaa la Mohini, mama wa Kihindi. Ukimpelekea cherehani iliyokwama anaifungua, anaipuliza vumbi, anatia mafuta matone mawili matatu, anakurudishia inashona. Maneno yake ni machache kuliko hayo matone.

Siku zote nilimwona mtu wa ajabu. Kanisani hakai ila kiti cha karibu na mlango. Harusini anakula vijiko vitano anaweka sahani chini, baada ya saa mbili anakula vingine vitano. Anatembea na chupa ya maji anayoionja kutwa nzima, na siku moja nilipoionja mimi nilikuta ina chumvi na sukari. Nami mdomo wangu hauna breki. "Shemeji, si useme tu chakula yetu ni mbaya," nilimwambia mbele ya watu. Alitabasamu kidogo, akaangalia viatu vyake.

Miaka miwili iliyopita alipasuliwa tumbo Eldoret. Sisi wa upande wa mke tuliambiwa ni kidole tumbo, nami sikuuliza zaidi. Kidole tumbo ni ugonjwa wa kawaida, mtu anapasuliwa, anashonwa, anarudi kazini.

Agosti ikaja siku ya kumaliza mahari. Nasike na Kipkirui walikuwa wamekaa miaka tisa bila shughuli hiyo kukamilika, na mama yetu, mjane, alikuwa anaingoja kwa hamu kule Sirisia. Kazi ya kumwandaa mkwe ikaniangukia mimi. Nikampigia simu.

"Shemeji, sikiza mzuri," nilimwambia. "Huku kwetu mkwe anaheshimu mama mkwe sana. Hauingii jikoni. Hauketi kwa kiti yake. Na choo ya pale nyumbani, hata ubanwe namna gani, mkwe hatumii. Watu wakikuona unatoka huko, hiyo aibu watu wataongea mpaka watoto wako waolewe."

Aliuliza, "Hata mara moja, shemeji?"

"Hata mara moja. Jikaze, ni siku moja tu bana."

"Sawa. Nitajipanga."

Nilikata simu nikijisifu moyoni kwamba nimefanya kazi nzuri.

Siku yenyewe, Jumamosi, nilifika Sirisia asubuhi na mapema. Mama alikuwa jikoni anapepea moto. Aliniuliza jambo moja tu, bila kuniangalia. "Umemweleza mgeni mambo ya hapa?" Nikamjibu kwamba nimemweleza yote, hakuna nilichobakisha. Nilimwona anashusha pumzi, akarudi kwa sufuria zake.

Kipkirui aliwasili na watu wa kwao saa nne. Niliona midomo yake imekauka na mkononi hana ile chupa. Nilidhani ameanza kuwa mtu wa kawaida. Chai ilipopita alisema ameshiba, na soda akaipokea bila kuifungua. Nasike alimnong'oneza kitu, yeye akatikisa kichwa.

Chakula kikaja, na hapo nilimsimamia kama askari. Alipewa kuku, ugali wa wimbi na kunde, pamoja na sahani ya njugu na mahindi ya kuchemsha ya kutafuna wakati wazee wanavutana juu ya ng'ombe. Sahani ya mkwe hairudi jikoni na chakula. Ikirudi nacho, ni kama amemwambia mama mkwe kwamba hajui kupika. Nasike alinyoosha mkono amsaidie kutoa mahindi, nami nikaupiga ule mkono. "Maliza, shemeji," nikasema. "Mama anangoja kuona sahani." Akamaliza. Alikula hata ngozi ya kuku, polepole, jasho likimtoka.

Ilipogonga saa tisa mzee wa kwetu alisimama kuomba. Tukasimama wote. Kipkirui alisimama akiwa ameinama, ameshika tumbo kwa mikono miwili, na tumbo lenyewe limejaa chini ya shati kama la mama mjamzito. Kabla ya amina alitapika maji ya kijani, akaanguka juu ya viti vya plastiki.

Mzee mmoja alisukuma sahani yake mbali, na nikajua neno analolifikiria: sumu. Nasike alipiga magoti akaingiza mkono kwenye koti la mumewe, akatoa karatasi ya tembe za kuzuia kuhara. Ilikuwa tupu. Alitakiwa kumeza mbili.

"Amemeza zote," alisema. Kisha akainua uso akaniangalia mimi, mbele ya wazee wa pande zote mbili. "Haikuwa kidole tumbo, Roselyne. Walimkata kipande ya matumbo. Anaenda choo mara saba kwa siku, na wewe ulimwambia asiende."

Sikumbuki nani alileta gari.

Hospitalini Bungoma tulimkuta daktari kijana, Chelimo, asiyependa maneno mengi. Alimbonyeza mgonjwa tumbo, akalisikiliza, akampeleka kupigwa picha. Aliporudi aliuliza, "Nani alimwambia asinywe maji?" Nikasema ni mimi, niliyemkataza choo.

Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alinieleza kwamba ugonjwa huo unaitwa Crohn. Matumbo yanavimba na kufanya vidonda, vidonda vikipona vinaacha makovu, na makovu yakibana njia, kipande hicho hukatwa. Kipkirui alikatwa mwisho wa utumbo mwembamba, pale mwili unapoirudisha nyongo. Pasipokuwa na kipande hicho nyongo inateremka ovyo, choo kinakuwa maji. Mtu anaweza kuishi nao vizuri akijipanga: chakula kidogo mara nyingi, kutafuna sana, maji ya chumvi na sukari, dawa ya unga ya kushika nyongo, tembe kwa kipimo.

"Alikuwa amejipanga," Nasike alisema. "Alikuwa sawa kabisa."

"Pale walipounganisha pamekuwa pembamba," daktari akaendelea. "Tangu jana mchana hajanywa maji. Amefunga tumbo na tembe nyingi. Halafu juu yake mahindi, njugu, ngozi. Imeziba." Walikuwa wamempitisha mpira puani kutoa uchafu, na dripu ya maji mkononi. "Tunangoja mpaka Jumatatu. Akipitisha hewa, amepona. Asipopitisha, tunapasua tena, na kwa huu mwili mkavu mimi naogopa."

Tumezoea kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kipkirui alilisikia la mkuu, tena neno kwa neno.

Tulikaa kwenye benchi, mimi na mdogo wangu, naye akanieleza maisha ambayo sikuyajua. Mumewe anazijua petroli stesheni zote za Kitale zenye choo kisichofungwa. Mohini alimwona siku moja akikimbia, kesho yake akamkabidhi ufunguo wa choo cha dukani bila kumuuliza kitu, na tangu hapo mchana humpikia wali laini na ndengu zilizokobolewa. Mhindi asiye ndugu alimpa ufunguo. Mimi dada wa mke wake nilimfungia mlango, na nilikasirika mpaka nikajing'ata mdomo.

Jumapili mama alikuja. Hakuingia wodini, kwa kuwa mkwe amelala na shuka moja tu mwilini. Alikaa nje ukutani, mkoba mapajani. Nilimwendea nimwombe msamaha, naye akaanza kabla yangu.

"Roselyne, hii choo mpya nyuma ya migomba, mimi nilichimba ya nani?"

Nilikuwa nimekiona choo hicho. Nilidhani ni cha wazee.

"Nasike aliniambia ugonjwa yake mwaka jana," mama akasema. "Nikasema huyu mtoto akikuja atateseka. Nikachimbisha, nikaweka mlango ya mbao, maji, sabuni, karatasi. Sasa ningemwambia aje? Mimi mama mkwe nimwambie mambo ya choo? Hata Nasike sikumwambia, kazi ya kumwandaa ilikuwa yako. Ndiyo nikakuuliza kama umemweleza. Ukasema umemweleza yote."

Choo kilikuwa hatua thelathini kutoka pale alipokuwa ameketi akitafuna mahindi. Mama hakuweza kumwonyesha kwa heshima, yeye hakuweza kuuliza kwa heshima, na mimi niliyewekwa katikati nilijaza pengo hilo kwa kiburi. Nililia pale ukutani, na mama aliniacha nilie.

Jumatatu asubuhi daktari Chelimo alipita, akabonyeza tumbo, akauliza kama kuna hewa. Kipkirui alitikisa kichwa. Daktari akasema wataandaa chumba cha kupasulia kufikia saa sita. Kipkirui aligeuza uso ukutani. Nasike alishika reli ya kitanda.

Mama aliyasikia hayo kupitia dirishani. Akainuka. Mjomba wetu, aliyekuja naye, aliona anakokwenda. "Roselyne, zuia mama yako," alisema. "Hiyo ni mwiko."

Mama hakusimama. "Mwiko nitachinjia kuku, iishe," alisema. "Nikizika mkwe, nitachinja nini?"

Aliingia, akavuta kiti mpaka karibu na kitanda. Kipkirui alipomwona alijifunika shuka mpaka kichwani. Mama alianza kuomba kwa Kibukusu, taratibu, wala hakumgusa. Aliomba kwa muda mrefu. Muuguzi alikuja kutazama dripu akaondoka, akarudi tena, na mama bado anaomba.

Ndipo tukaisikia hiyo hewa. Ilikuwa ndefu, na haikuwezekana mtu yeyote katika chumba kile kujifanya hakusikia. Mjomba aliyekuwa mlangoni alitazama sakafu. Nasike alijiziba mdomo. Chini ya shuka hapakuwa na mtikisiko wowote, na mimi niliomba ardhi ipasuke inimeze badala yake.

Mama alisogeza kiti mbele zaidi.

"Ongeza, mwanangu," akasema.

Kipkirui aliteremsha shuka polepole, akamwangalia mama mkwe wake usoni, machozi yakimtoka, akaongeza.