Sahani Isiyoonjwa

Siku moja ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, haikuwa siku ya arusi yangu wala siku niliyonunua ng'ombe wa kwanza. Ilikuwa mchana mmoja tu mjini Goma, mbele ya meza inayozunguka. Juzi uliniambia kwamba wewe na wenzako mliofaulu mtihani wa serikali mnataka kushuka Goma mkale kwa Wachina, na kwamba wewe utakula nyumbani kabla ya kwenda, ili ukifika huko useme umeshiba. Ulisema hivyo ukicheka. Mimi sikucheka. Basi kaa chini unisikilize, na hiyo simu iweke mfukoni, haitakimbia.

Tulikuwa marafiki watatu. Mimi, mtoto wa wakulima wa hapa hapa Nyamitaba. Wa pili Kambale, ambaye baba yake alitoka Butembo akafungua duka Masisi. Mtu mpole, wa misa ya kwanza kila Jumapili. Wa tatu Safari, wa Walikale, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika hata akiwa amelala. Tulikutana shuleni, bwenini. Sahani zilikuwa haba, kwa hiyo tulikula maharagi sisi watatu kwenye sahani moja ya bati, miaka minne, mpaka wenzetu wakatubandika jina: Sahani. Sisi nasi tukalipenda, tukawa tunaitana hivyo. "Sahani, uko?" "Niko, Sahani." Hata tulipokuwa wanaume wenye ndevu, hatukuitana vingine.

Sasa, desturi yetu unaijua. Anayempa mtu chakula au kinywaji anaonja kwanza mbele yake. Hata mama mkwe akikupa pombe ya kasiksi, anapiga funda moja ndipo anakukabidhi. Hakuna anayekasirika, ni adabu ya kawaida, maana nchi yetu imesikia habari nyingi za sumu, nyingine za kweli na nyingine za uongo. Lakini sisi watatu tuliiacha. Hatukukaa tukakubaliana, iliisha yenyewe, kama mtu anavyoacha kubisha hodi kwenye nyumba ya mama yake. Aliyekuwa karibu na chungu alipakua, wengine wakala. Kwetu kutoonja ndiko kulikokuwa heshima, ingawa neno hilo nimelipata uzeeni. Wakati ule sikulijua.

Nikuambie jambo moja zaidi kuhusu Kambale. Tulipokimbia vita, ni yeye aliyempandisha mama yangu kwenye kabini ya lori la baba yake, na yeye mwenyewe akakaa juu ya magunia, mvua ikimpiga mpaka Sake. Mama alifika mkavu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na methali hiyo niliijua vizuri sana. Ila kuijua methali na kuikumbuka kwa wakati wake ni mambo mawili.

Miaka ikapita. Nilikuwa sijafika thelathini, ninatengeneza jibini na kuishusha Goma. Kambale alikuwa amehamia huko, ana lori lake mwenyewe. Akanitumia ujumbe: Safari anakuja kutoka Walikale, nawe njoo, hatujala pamoja miaka miwili, safari hii nawapeleka kwa Wachina. Nilifurahi kama mtoto. Nikafua shati.

Kwa bahati mbaya, wiki ile ile jirani yetu mmoja alikuwa amefariki. Alirudi kutoka Goma, akaugua, akaenda. Daktari alisema ini lake lilikuwa bovu siku nyingi. Nani alimsikiliza daktari? Kilimani kote watu walisema kitu kimoja tu, kwamba kuna mtu alimlisha sumu. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Mjomba wangu akaja kunitazama nikifunga jibini kwenye majani ya mgomba.

"Mutoto wangu," akasema, "batu ya Goma, ya mu ville, si kama batu ya hapa. Kikulacho ki nguoni mwako. Ukienda kukula kwao, uangalie mwenye kuonja."

"Mujomba, Kambale ni ndugu yangu."

"Hata ule mwenye kufa alikula na ndugu yake."

Nilimcheka mjomba. Lakini kicheko kiliishia njiani. Neno lenyewe nilifika nalo mpaka Goma.

Mwanangu, mahali penyewe palikuwa pazuri. Taa nyekundu za karatasi juu, samaki hai ndani ya kioo, na meza ya duara yenye meza nyingine ya kioo juu yake, inayozunguka ukiisukuma kwa kidole. Vyakula vinawekwa hapo katikati, vya wote, kila mtu anazungusha anachotaka mpaka kimfikie. Nilipoona hivyo nilijiambia, kumbe nao hawa ni watu wa sahani moja! Safari alivichukua vile vijiti vya kulia akapiga ngoma mezani, kisha akavichomeka kwenye nywele. Walipoleta makaroni yao marefu, akainua moja mpaka juu ya kichwa chake, akauliza, "Mama wee, nani alisahau kukata hii?" Hata yule dada aliyetuhudumia alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Kisha akaletwa samaki mzima, na kichwa chake, amelazwa juu ya tangawizi. Kambale alikuwa anamngojea huyo tu. Akazungusha meza polepole mpaka samaki akasimama mbele yangu. Akanipakulia kipande cha tumboni, kile kinono, akaweka wali, akachukua kichupa chenye mchuzi mweusi kabisa akamimina juu yake. Uso wake ulikuwa unang'aa.

"Wewe ndio wa kwanza, Sahani. Kula."

Hakuonja.

Nikautazama ule mchuzi. Mweusi, mwembamba, ukizama ndani ya wali. Maisha yangu yote sikuwa nimeona mchuzi wa rangi ile. Nikamsikia mjomba sikioni kana kwamba ameketi kiti cha nne. Nikasahau sahani ya bati, nikasahau lori, nikasahau mama yangu aliyefika mkavu. Mikono yangu ikashuka chini ya meza.

"Mi nimeshiba," nikasema.

"Umeshiba wapi?" Kambale akacheka. "Toka asubuhi tuko wote. Ulikunywa chai tu."

Safari naye alikuwa na mdomo uliojaa nyama ya bata, akaacha kutafuna. Kambale akaiangalia sahani yangu, akaangalia mahali mikono yangu ilipokuwa imejificha. Nikaona jinsi kicheko kilivyomtoka usoni, kidogo kidogo.

"Sahani," akasema kwa sauti ya chini, "ulikuwa unangoja nionje?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi, mwanangu. Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza kusema: ndugu yangu, kuna mtu amekufa kwetu, watu wameniogopesha, mimi mjinga nimeogopa. Angenitukana kidogo, Safari angetuchekesha, tungekula. Mimi nikatazama dirishani, nikasema tena kwamba nimeshiba.

Kambale akanyoosha mkono akaichukua sahani yangu. Akala. Hakula kwa hasira wala kwa haraka. Alikula kijiko baada ya kijiko, samaki na wali, mpaka chini, na mchuzi mweusi uliobaki akaupangusa kwa kidole akaulamba. Akaniambia, "Iko muzuri. Ulikosa." Kisha akapakua wali mwingine na samaki mwingine, akaonja kijiko kimoja mbele ya macho yangu, akameza, akanisukumia.

"Sasa kula."

Na mimi nikala. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Kama ningeendelea kukataa, pengine angeamini kweli nimeshiba. Lakini alipoonja nilikula, na nilikula yote, maana njaa ilikuwa inaniuma tangu asubuhi. Alikaa akinitazama nikila. Hakuna aliyezungusha tena ile meza.

Alinisindikiza mpaka kwenye magari, amenibebea vikapu vyangu vitupu. Safari alijaribu utani mara mbili, akaona haushiki, akanyamaza. Ndiyo siku pekee niliyomwona amenyamaza. Gari lilipowaka, Kambale alinipa mkono vizuri, kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyompa mkubwa. "Safari njema, Papa," akaniambia.

Papa! Nilikuwa sina hata mtoto. Kuanzia siku hiyo hakuniita Sahani tena.

Usidhani alinichukia. Afadhali angenichukia, ningejua pa kushika. Aliendelea kunishushia jibini kwa lori lake, alimsalimu mama yangu kila alipopita, alikuja kilio cha mke wangu akalala hapa siku tatu. Lakini kila aliponipa kitu, hata kikombe cha maji, hata ndizi aliyoimenya, alionja kwanza. Funda moja, au kipande kidogo, halafu, "Karibu, Papa." Mbele za watu ilikuwa adabu tu, na adabu yenyewe haina kosa. Mimi na yeye ndio tuliojua. Mara ngapi nilifungua mdomo nimwambie, Kambale, usionje? Nikaufunga. Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kulisema. Siku nzuri ya kuomba msamaha haiji yenyewe, mwanangu, lazima uikamate siku mbaya yoyote uitumie.

Safari alirudi Walikale, kisha nikasikia yuko Kisangani, kisha sikusikia tena. Mke wangu alitangulia. Watoto wangu wa kuzaa wametawanyika nchini, mmoja huku, mwingine kule, wananipigia simu mtandao ukikubali. Unaniona hapa nasonga bugali ya mtu mmoja. Bugali ya mtu mmoja haisongeki vizuri, maji yanazidi au unga unazidi, na nusu yake huliwa na kuku. Nina upweke, sikufichi. Kuna siku nachukua vijiko viwili kwenye kikapu bila kufikiri, halafu nakirudisha kimoja.

Mwaka jana simu ikaja kwamba Kambale amefariki. Nilishuka Goma kwa pikipiki na miaka yangu yote hii, mgongo ukilia kila shimo. Nyumbani kwake palikuwa pamejaa watu, viti vya plastiki mpaka barabarani, sanduku likiwa ndani sebuleni na akina mama wakiimba. Nilikaa pembeni, kati ya watu nisiowajua. Ulipofika wakati wa kula, wasichana wakapitisha sahani: bugali, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza, wale dagaa wa ziwani. Walizipitisha haraka haraka, hakuna aliyeonja, nani ataonja sahani mia kwenye kilio? Wakampa wa kulia kwangu, wakampa wa kushoto kwangu. Mimi wakaniruka.

Kisha akaja mwenyewe Masika, binti mkubwa wa Kambale, macho yamevimba kwa kulia, na sahani moja mkononi. Akapiga magoti mbele yangu. Akamega bugali kidogo, akachovya kwenye sombe, akala, akachukua na sambaza moja, akameza. Ndipo akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Karibu, Papa."

"Mutoto wangu," nikamwambia, "kwa nini unaonja? Bengine haukuwaonjea."

"Papa yetu alituambiaka," akasema. "Alisemaka: ule mzee wa Nyamitaba, mukimupa kitu, muonje kwanza, roho yake itulie. Alisemaka ule ndio rafiki yake wa siku mingi."

Akainuka, akaenda zake kuhudumia watu. Hakujua alichonipa. Nililia na bugali mkononi, watu wakadhani namlilia marehemu, na kweli nilikuwa namlilia. Miaka yote ile nilidhani ananiadhibu. Kumbe alikuwa ananitunza na woga wangu, kama mtu anavyomtunza mgonjwa, na akawarithisha watoto wake kazi hiyo. Nilikula sahani ile mpaka chini, nikapangusa mchuzi kwa kidole. Nilitaka kumwambia kwamba sihitaji kuonjewa. Wa kuambiwa alikuwa ndani ya sanduku.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Sikuambii ule kwa kila mtu. Mtu usiyemjua, fuata naye desturi ya wazee, haikuwekwa bure. Lakini hao wenzako mliokaa nao dawati moja, wakikuita mezani, nenda na njaa yako. Usile nyumbani. Ukishindwa na vijiti, omba kijiko. Ukiogopa, iwe ni aibu ya ushamba au woga mkubwa kuliko huo, sema kwa mdomo: naogopa. Rafiki anaweza kulijibu neno hilo. "Nimeshiba" hana la kulijibu. Mjomba aliniambia kikulacho ki nguoni mwako, na hakukosea, ila alielekeza kidole kwa mtu mwingine. Kilichonila kilikuwa ndani ya shati langu mwenyewe nililolifua. Na kama umeshamkosea mtu, mpigie leo, usingoje mwezi uishe. Wanasema majuto ni mjukuu. Wajukuu wangu wa damu wako mbali, huyu mmoja tu ndiye anayekaa nami, na hachoki kuniamkia.

Nenda Goma, mtoto wangu. Mungu akulinde njiani kwenda na kurudi. Akupe watu wa kula nao sahani moja, akupe moyo wa kupokea cha kwanza bila kungoja kionjwe. Na ukizeeka kama mimi, ukiwa umekaa peke yako karibu na jiko, simu ilie, na mtu wa zamani akuulize, "Sahani, uko?" Nawe umjibu, "Niko, Sahani."