Mshenga Juu ya Ngazi ya Basi

Sijawahi kumpenda mtu anayepiga kelele na simu ndani ya basi, na sitaanza leo. Yupo mmoja tu ambaye hadi leo nashindwa kuamua kama nimlaani au nimpelekee kuku.

Ilikuwa miaka ile simu za mkononi ndiyo kwanza zinaingia Dodoma. Aliyekuwa nayo aliivaa kiunoni kwenye kipochi cha ngozi, na akiongea alitaka hata walioko sokoni Kibaigwa wajue kwamba anaongea. Watu waliamini kwa dhati kwamba kama unayempigia yuko mbali, sauti nayo lazima iende mbali. Kwa aliye Morogoro unapaza kiasi. Kwa aliye Mwanza unasimama kabisa. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, kutwa nzima nashinda na kelele za mashine, na nikipanda basi nilichotaka ni kimya tu.

Ijumaa hiyo nilikuwa nakwenda nyumbani, ng'ambo ya Hombolo, pamoja na shangazi yangu, ambaye bila yeye hakuna binti wa ukoo wetu anayeolewa. Kesho yake wakwe walikuwa wanakuja. Mchumba wangu alikuwa kijana wa Tanga, karani wa masijala, mpole, mcheshi, na nilikuwa nimempenda hadi kazini walianza kunionea huruma. Kilichobaki ni sharti la baba. Baba yangu alikuwa mfugaji, na kwake hakuna aliyepewa binti kabla hajaingia naye zizini jioni, ng'ombe wakirudi, akatembea kati yao kutoka langoni hadi mwisho na kurudi. Dada yangu mkubwa alimkosa mwalimu mmoja mzuri tu kwa sababu alifika langoni akasema amevaa viatu vipya.

Mimi sikuwa na wasiwasi. Kijana alishaniambia kwamba kwao ng'ombe wapo, nami nikampelekea baba habari hiyo kwa maringo. Wasiwasi ulikuwa kwa mshenga tu, maana mshenga wa kwanza alikuwa ameugua, wakwe wakatafuta mwingine, na huyo mpya hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwona.

Tangu tunatoka stendi, mwanamume mmoja mnene aliyevaa kaunda suti alikaa nyuma yetu akisema haloo. Alikuwa hajampata mtu, ila haloo hazikumwishia. Nikageuka nikamtazama kwa jicho ambalo ofisini lilikuwa linawanyamazisha hata madereva. Hakuliona. Nikamwomba kwa adabu apunguze sauti kidogo.

"Dada, mimi sina kosa," akasema. "Netiweki ndiyo inataka hivi."

Njia ile netiweki ilikuwa inakatika mapema, ila palikuwa na kilima kimoja ambapo ilikamata. Abiria walikiita Mnarani, ingawa hapakuwa na mnara wowote. Ukimbembeleza konda, basi linasimama, wenye simu wanapiga, wasio na simu wanashuka kuchimba dawa vichakani. Yule bwana akabembeleza, tukasimama. Akazunguka huku na huku ameinua simu juu, akagundua kwamba netiweki yenyewe iko nusu ya ngazi ya nyuma ya basi, ile ya kupandia kwenye keria. Akapanda. Sisi wengine tukakaa chini kwenye kivuli cha basi, chini yake kabisa.

"Shikamoo mama," akanguruma.

"Marahaba, mwanangu," wakaitikia bibi zetu wote waliokuwa pale chini. Kwetu shikamoo haiachwi hewani.

"Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Habari za kwako?"

Akaziba simu kwa kiganja, akainama. "Akina mama, jamani, siongei na ninyi."

"Sasa mbona unatuamkia?" akauliza bibi mmoja, na hakuwa anatania.

Akarudi kwenye simu. Akasema yuko njiani, atalala kwa mwenyeji wake, kesho atawapokea. Akasema na habari za zizi ameulizia, ni kweli, yule mzee hampi mtu binti mpaka aingie naye zizini.

Mwenye sharti hilo alikuwa mmoja tu Ugogo nzima. Shangazi akaacha kutafuna karanga.

"Usijali, mama," bwana akaendelea huko juu. "Nitasema mguu wake umeteguka. Naelewa kwamba anaogopa ng'ombe. Ndiyo. Tangu mdogo, ndiyo." Akasikiliza, halafu sauti ikapanda zaidi. "Na mbuzi pia? Mama, hata mbuzi?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja mfugaji, aliyekuwa ameegemea fimbo yake, hakucheka. Aliliona jambo hili kama ugonjwa.

"Muulize kondoo je," akasema.

"Kondoo je, mama?" Akasikiliza, akatutazama chini. "Kondoo anawaweza. Wakiwa wachache."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimkasirikia mshenga, nikamkasirikia na mchumba, halafu hasira ikayeyuka ikabaki hofu tupu, maana nusu ya watu wale walikuwa wanashukia kijijini kwetu, na habari ingefika kwa baba kabla ya begi langu. Kwa baba, afadhali mwizi kuliko mtu anayeogopa ng'ombe. Mwizi angalau anawasogelea. Niliona kabisa nimeshamkosa.

Wenzangu walikuwa kwenye jambo lingine. Walishaanza kutoa msaada.

"Mwambie asipite nyuma yao," akasema yule mzee.

"Asipite nyuma yao," mshenga akapeleka, kwa sauti ya Mwanza, ingawa mama mkwe alikuwa ameshafika kutoka Tanga, yuko palepale Dodoma mjini.

"Asikimbie. Akikimbia nao watakimbia."

"Aimbe," akasema bibi mmoja. "Ng'ombe wanapenda mtu anayeimba."

"Mama, anajua kuimba?" Akasikiliza. "Anasema hajui, ila anaweza kupiga mluzi."

"Mluzi asithubutu," akasema mzee kwa ukali.

Konda naye akachangia kwamba asivae tai. Basi zima likawa linamfunza mchumba wangu kupita zizini, kwa simu, na hakuna aliyegundua kwamba mwenye mchumba ameketi katikati yao amejifunika kanga usoni.

Shangazi akasimama, akakung'uta vumbi, akaenda kwenye ngazi.

"Lete hiyo simu."

"Na wewe mama una ushauri?"

"Mimi ni shangazi wa binti."

Yule bwana alishuka ngazi kwa namna ambayo si ya kushukia ngazi. Konda akamdaka suruali. Shangazi akajifunga kanga vizuri, akapanda mahali palepale penye netiweki, konda akimshikilia miguu huku akitazama pembeni kwa heshima, akaiweka simu sikioni.

"Mpe kijana," akasema. Akangoja. "Ng'ombe unawaogopa. Na binti yetu je, humwogopi?"

Watu wakacheka, na baada ya hapo hatukusikia neno. Shangazi hakuwahi kufundishwa kwamba simu inapigiwa kelele. Aliongea taratibu, kama mtu anayeongea na mwenzake jikoni. Abiria wote wakanyamaza, wakatega masikio, bure. Na mimi, niliyekuwa nikiomba kimya tangu stendi, nilikuwa tayari kumpandia shangazi mgongoni anisikilizishe. Mwisho akasema "haya", akashuka, akamrudishia mshenga simu yake.

"Amesemaje?" nikamuuliza tulipokaa.

"Aliongea na mimi, hakuongea na wewe," akasema, akarudi kwenye karanga zake.

Sikulala vizuri. Asubuhi baba alikuwa ameshasikia kila kitu, niliona kwa jinsi alivyokunywa uji bila kuniangalia. Wakwe wakafika. Mshenga, ambaye sasa alikuwa anaongea kwa kunong'ona, akakohoa, akaanza habari ya mguu. Kijana akamkatiza.

"Mguu wangu mzima, mzee," akamwambia baba. "Kwetu ng'ombe wapo kweli, ila mimi nilikuwa nawatazama dirishani. Nawaogopa sana. Lakini nitaingia."

Baba akachukua fimbo yake akatoka.

Jioni nilisimama na mama nje ya boma, tunachungulia kwenye mianya ya miti yake. Ng'ombe walikuwa wamejaa, vumbi limetanda. Kijana akaingia, suruali ameichomekea ndani ya soksi, rangi imemtoka, midomo inachezacheza. Mama akasema anasali. Mimi nilijua anajikumbusha mafunzo ya abiria.

Wachumba wote waliopita, baba alikuwa anawaacha watembee peke yao nyuma yake, wakikanyagwa shauri yao. Safari hii alitangulia, akawa anawasogeza ng'ombe mmoja mmoja kwa fimbo, kushoto na kulia, hata lile dume lake ambalo hakutaka mtu aliguse, mpaka ikapatikana njia mtu kupita. Walipofika mwisho ndama mmoja akamlamba kijana mkono. Kijana akasimama, akafumba macho, akakaa hivyo. Hakukimbia. Baba akamshika mkono huohuo uliolowa mate, wakarudi pamoja polepole hadi langoni tulipokuwa.

Wazee wakauliza imekuwaje.

"Hajui ng'ombe hata kidogo," baba akasema, bado amemshika mkono. "Mpeni binti. Huyu nitamfundisha mwenyewe."