Igisabo Ndani ya Kabati la Kioo

Siku niliyofundisha habari za makumbusho, darasa langu la tano lilirudia kwa sauti moja maneno niliyoandika ubaoni: makumbusho ni mahali panapohifadhiwa vitu vya kale kwa ajili ya kuelimisha jamii. Wakanakili, nikasahihisha, karibu wote wakapata vema. Nikarudi ofisini nimekasirika na sijui nimkasirikie nani. Hapakuwa na mtoto hata mmoja mle aliyewahi kuingia makumbusho. Mimi mwenyewe, niliyezaliwa Kasulu na kusomea ualimu mbali, nilifika mara moja tu, tukapitishwa mbele ya vioo mbiombio mpaka dereva wa basi akapiga honi.

Shule yetu iko nje kidogo ya mji wa Kibondo, na ilikuwa na stoo iliyojaa madawati mabovu. Nilimwomba mwalimu mkuu anipe ile stoo tuweke vitu vya kale vya majumbani, watoto wavishike, na wazazi waje kueleza jinsi vilivyotumika. Alikubali palepale. Nilifurahi mno, sikumuuliza alichokuwa anakifikiria yeye.

Watoto walileta jembe la kufuliwa na mhunzi, jiwe la kusagia ulezi, vyungu viwili na mtego wa kwale. Msichana mmoja mkimya, wa dawati la nyuma, alinifuata mlangoni akaniambia bibi yake wa Kumsenga ana igisabo, kile kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa mpaka yatoe siagi. Jumamosi tukapanda bodaboda, mimi na yeye, tukaenda kukiomba.

Bibi alitupokea kwa Kirundi, nami nikamjibu kwa Kiha, tukaelewana bila shida. Aliniambia alivuka mpaka kama mkimbizi akiwa bado kijana, mtoto mgongoni na kile kibuyu kichwani, kwa sababu mama yake ndiye aliyempa siku ya kuolewa. Siku hizi ni raia, na cheti chake amekiweka kwenye sanduku la nguo. Alikishika kile kibuyu mapajani alipokuwa akinijibu.

"Nitakupa," alisema, "lakini watoto wakisukesuke wenyewe. Nitakuja kuwaonyesha. Na kila wiki ukipake siagi ndani na nje, mwana wanje, mwanangu. Kikikaa kikavu kitapasuka."

Nikamwahidi, mjukuu wake akisikia.

Wiki mbili baadaye lilikuja kabati kutoka Kasulu, la mninga, lenye milango ya kioo na kufuli. Mwalimu mkuu alikuwa ameliagiza bila kuniambia. Alivipanga vitu mwenyewe na kubandika vibandiko alivyochapisha mjini. Chini ya igisabo paliandikwa: Kibuyu cha asili cha Waha.

Siku ya ufunguzi walikuja wazazi, viongozi wa kijiji na wageni kutoka maofisini. Bibi naye alikuja, amevaa kitenge kipya, na kwenye galoni amebeba maziwa yaliyoganda tayari kwa kusukwa. Watoto walipitishwa kwa mstari mbele ya kabati, mikono nyuma kama wafungwa. Bibi alipoomba kibuyu chake kitolewe, mwalimu mkuu alitabasamu.

"Bibi, tunashukuru sana, lakini hiki sasa ni kielelezo. Vielelezo havishikwi."

Bibi akanigeukia. "Anasemaje?"

Nikamweleza. Akasema, "Mwambie sikuleta maiti. Nimeleta chombo."

Nilimgeukia mwalimu mkuu na kumwambia kwamba bibi anaomba afikiriwe siku nyingine. Hayo ndiyo maneno niliyotafsiri, na mpaka leo najichukia nikiyakumbuka. Bibi akalibeba galoni lake akarudi nalo Kumsenga.

Mjukuu wake alikuwa amesimama kwenye kabati anasoma kibandiko. "Madam," aliniambia, "bibi siyo Muha."

Jioni nilimfuata mwalimu mkuu ofisini, nikamwomba tuandike kibuyu kilitoka wapi na kilifikaje hapa.

"Mwalimu, tusiingize mambo ya wakimbizi humu. Wageni wataanza kuuliza maswali."

"Ni raia, Mkuu. Na wageni kuuliza maswali si ndiyo kazi ya kile chumba?"

"Wewe fundisha," alisema, akarudi kwenye makaratasi yake.

Ufunguo ukakaa kwenye droo yake. Mgeni akija shuleni, chumba kinafunguliwa, anaandika jina kwenye kitabu, anapigwa picha mbele ya kioo, kinafungwa. Watoto walikuwa wanachungulia dirishani mpaka dirisha nalo likawekewa pazia. Kila Ijumaa nilikwenda kuomba ufunguo na kikopo changu cha siagi mkononi. Niliambiwa kesho. Niliambiwa Mkuu yuko mjini. Niliambiwa siagi itachafua kabati. Nilibishana naye mara mbili, mara ya tatu nikachoka, halafu shule zikafungwa na nikaenda kwetu Kasulu mwezi mzima. Huko nilikikumbuka kile kibuyu mara nyingi, na sikufanya lolote.

Tuliporudi kilikuwa kimepasuka kutoka mdomoni mpaka katikati. Hakuna aliyekigusa. Kilikauka tu, kwenye joto la kioo. Mwalimu mkuu alisema tukigeuze, upande mzima utazame mbele.

Nikakiomba, naye akanipa bila ubishi, kwa kuwa hakikuwa na faida tena kwenye picha. Nilikifunga kwenye kanga, nikapanda bodaboda peke yangu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipofika, niliyasahau yote, nikakiweka tu chini mbele yake.

"Shikamoo bibi. Nisamehe. Sikukipaka."

Alipitisha kidole kwenye ule ufa. Nilitegemea anifukuze. Aliniuliza, "Watoto walikisukasuka hata mara moja?"

"Hapana."

"Basi kimepasuka bure," alisema. Akainuka kwenda ndani, akakaa huko muda, mimi nimekaa nje na kuku. Alirudi na sindano ndefu na uzi wa mkonge, akaanza kukishona. Alisema maziwa hakitashika tena, labda mbegu za maharage.

Niliomba ruhusa ya kumpelekea darasa zima. Mwalimu mkuu alitaka barua ya kila mzazi, na mwishowe Jumamosi walifika watoto kumi na moja, baadhi wakiwa na mama zao. Kwa kuwa igisabo hakikufaa tena, bibi aliwapa galoni la plastiki. Walilisukasuka kwa zamu mpaka mikono ikawauma, naye akiwaambia wasikilize sauti ya maziwa inavyobadilika. Siagi ilipojitenga waling'ang'ania kuionja. Mama mmoja alisema mama yake alikuwa akifanya hivyo, na yeye hakuwahi kumuuliza hata siku moja. Bibi akamsogezea galoni, akamwambia ajaribu.

Mwezi huu imekuja fomu ya kueleza mafanikio ya makumbusho yetu, na nimepewa mimi niijaze. Sehemu ya kueleza wanafunzi na jamii walijifunza nini, niliandika yaliyotokea: kabati, kufuli, ufa, na watoto kumi na moja huko Kumsenga. Mwalimu mkuu aliirudisha mezani kwangu, mistari yangu yote ameikata kwa kalamu nyekundu.

"Andika kwamba shule nzima inanufaika," alisema.

Sijaandika. Kila asubuhi ananiuliza kama fomu iko tayari, na kila asubuhi namwambia bado.