Yaya Hakuja Kwenye Kilio

Mama alipokufa hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, yaya, dada yangu mkubwa, hakuja kwenye kilio. Anakaa mjini Mbarara, anauza vitenge. Si mbali kiasi cha mtu kushindwa kufika. Nilimpigia simu mimi mwenyewe asubuhi ileile. Akasema amesikia, akakata. Watu wakaketi kwenye mikeka, wakaimba, wakala, wakarudi kwao, na mimi macho yangu yalikuwa njiani tu.

Baada ya hapo niliisha. Shamba la mahindi likamezwa na majani, nikawa wa kulala mchana, chakula hakipiti. Kliniki ya Base Camp wakanipima malaria, hakuna. Wakapima mengine, hakuna. Mwishowe wakanielekeza kwenye kikundi cha wanawake wanaokutana kila wiki kuongea. Nilicheka. Ati kuongea! Kama maneno ni dawa, kwa mdomo wangu huu ningekuwa mzima zamani.

Mama aliyekiongoza, Mnyankole, mwenyeji wa huku, mwenye Kiswahili cha kukatakata, hakuniuliza habari za vita kama wengine wote. Aliuliza nilianza kuisha lini, na wakati huo nilikuwa nimekosana na nani. Nikamwaga yote juu ya yaya. Akasema basi tujaribu: Mrundi mmoja aliyekaa karibu nami awe yaya, mimi nimwambie ya moyoni. Nikamfokea yule Mrundi wa watu mpaka jasho likanitoka. Akangoja nimalize, kisha akajibu kama yaya.

"Ulimtuma nani kuniambia?"

Kwao Warundi na kwetu mila ni moja: kifo cha mzazi hakisemwi kwa simu. Anatumwa mtu, anasimama mlangoni, anasema, anakungoja ulie, kisha mnarudi pamoja. Nikajitetea kwamba nisingeacha maiti ndani na kwenda Mbarara, na hata leo nasema hivyo hivyo. Lakini wiki ile yote nilikuwa namwona yaya akilini, kati ya vitenge vyake, anangoja mtu. Nilimhurumia, na hasira ilikuwa bado ipo.

Kikundi kikanizoeza kusema bila kufoka, na haikuwa kazi ndogo. Halafu nikaenda Mbarara.

Yaya aliponiona aliinamisha uso, akaendelea kukunja vitenge. Alinisogezea kiti, sikukaa. Nilibaki mlangoni pa duka, nimesimama kama mtu aliyetumwa.

"Yaya, nimekuja kukuambia. Mama ametuacha."

Alikuwa anajua tangu mwaka jana. Akapiga yowe la mtu aliyesikia sasa hivi, akashuka chini. Nikashuka naye, tukalia hapo sakafuni, wateja wakatupisha.

Alipomaliza alijifunga kitenge kiunoni, akafunga duka, akauliza gari la Nakivale linapakilia wapi. Jioni alisonga bugali kwangu. Nilikula, nikaomba tena.